Nani atamgeuza mama saa nane usiku?

*Amemuuguza mama yake kwa miaka sita. Alikwenda Oman kupumzika wiki tatu, akarudi na mchumba. Sasa ndugu watano hawaelewani.*

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Magari mawili yalipangwa kuondoka Muscat saa kumi na moja alfajiri kwenda Salalah. La kwanza liliondoka kwa wakati. La pili lilibaki nje ya geti saa nzima, injini ikiunguruma, likimsubiri mgeni kutoka Tanga aliyekuwa bado kalala kwa kuwa simu yake ilikuwa inasema saa kumi.

Hakuwa amesahau kurekebisha saa. Alikataa. Oman imetangulia Tanzania kwa saa moja, na mgeni huyu tangu aliposhuka uwanja wa ndege aliiacha simu yake kwenye saa za nyumbani. Mama yake, aliyemwacha kitandani Ngamiani, humeza dawa ya presha saa mbili usiku ya Tanga, na binti alitaka saa yake iende na ya mama popote alipo.

Alipotoka mbio, mtandio ukimning'inia begani, abiria wenzake walikuwa wamenuna. Dereva, mgane wa miaka 53 na rafiki wa shemeji yake, hakununa. Alimfungulia mlango akamuuliza jambo moja.

"Mgonjwa wako anakunywa dawa saa ngapi, bibie?"

Kwa maelezo ya mwanamke mwenyewe, hapo ndipo mambo yalipoanzia. Miaka yote hiyo watu walimuuliza mama anaendeleaje. Huyu alikuwa wa kwanza kumuuliza habari ya saa.

Dawati la makala liliponituma Tanga niliambiwa niandike juu ya ndoa za ng'ambo. Nilikuta familia yenye watoto watano na mgonjwa mmoja, ambayo haikuwahi kukaa kikao hata kimoja kuzungumza nani anauguza na nani anampokea, mpaka siku yule anayeuguza alipopenda.

Majina yao tumeyahifadhi kwa ombi lao. Mwanamke huyu humu tutamwita Dada, kama anavyoitwa na mdogo wake wa mwisho aliyeko Mwanza, na kama mtaa mzima unavyomwita.

Kila baada ya saa mbili

Mama alianguka chooni akitia udhu wa magharibi. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, na kwa miezi ya mwanzo kilichukua na maneno. Maneno yamerudi kidogo kidogo. Mguu haukurudi.

Dada wakati huo alikuwa na miaka 38, karani wa mahesabu katika kampuni ya usafirishaji. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, hana mtoto, na alikuwa amerudi nyumbani kwa mama. Hakuna aliyemteua. Kaka mkubwa ana duka la vipuri Gerezani, Dar es Salaam. Dada mkubwa ameolewa Muscat. Wa tatu yuko Moshi na watoto wadogo. Wa mwisho yuko Mwanza. Kila mmoja alikuja, akalia, akaacha chochote mfukoni mwake, akarudi kwake. Aliyebaki ni yule ambaye kwake ni pale pale.

Likizo yake yote ya mwaka iliishia wodini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 28 za likizo. Inampa pia siku nne za malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, siku hizo nne zimetajwa kwa kifo tu. Mama akifa, unaruhusiwa kwenda kuzika ukiwa na mshahara wako. Akiwa hai na hawezi kujigeuza, kifungu hicho hakikujui.

Aliomba ruhusa, akaongezewa, akaomba tena. Mwisho akaandika barua ya kuacha kazi.

> Mama akifa, sheria inakupa siku nne za malipo. Akiugua, kifungu hicho hakikujui.

Kumwelewa Dada ni lazima uone usiku wake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutakiwa ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, kwa sababu ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na huweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Sehemu za hatari ni kitako, nyonga na visigino. Kwa hiyo kuna zamu ya saa nne usiku, ya saa sita, ya saa nane na ya saa kumi, na kisha kumekucha.

Alinionyesha anavyofanya. Goti zima hukunjwa kwanza. Mkono mmoja hupita chini ya bega, wa pili chini ya nyonga, na mama huvutwa kuelekea kifuani mwa binti, hasukumwi. Mto mwembamba huwekwa kati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, wa tatu chini ya muundi ili kisigino kining'inie kisiguse shuka. Halafu vidole vya mkono uliopooza hunyooshwa kimoja kimoja, kwa kuwa vikiachwa hujikunja kiganjani na kucha hutoboa. Ilimchukua dakika nne, huku akizungumza nami habari za bei ya pampasi.

Kiuno chake kinamuuma. Ameanza presha naye. Hilo halitakiwi kumshangaza mtu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee waliokuwa wakiwauguza waume au wake zao. Waliokuwa wakiuguza huku wameelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ile ya wenzao wasiouguza mtu kwa asilimia 63. Hao walikuwa wazee, na Dada ana miaka 44, lakini mzigo anaoubeba usiku ni ule ule.

Tiketi kutoka Muscat

Aliyemtoa nyumbani ni dada mkubwa. Alinunua tiketi bila kumuuliza, akampigia simu Kaka na kumwambia kwamba mwezi wa nane Dada anakwenda kupumzika, na kwamba binti yake Kaka, aliyemaliza chuo na yuko tu nyumbani, aende Tanga akakae na bibi. Msichana wa kazi angekuja asubuhi kusaidia kuogesha.

Dada alikataa, akakubali, akakataa tena. Kilichomkubalisha, anasema, ni daftari.

Ni daftari la kaunta la kawaida, jalada gumu, na ameliandika kwa hati ya karani, mistari imenyooka, kila ukurasa una saa pembeni. *Uji usiwe mzito wala maji. Akikohoa simamisha kijiko. Dawa nyeupe kabla ya kula, ya njano baada. Redio aisikilize lakini si taarifa ya habari.* Katikati kuna mstari ambao nilirudi kuusoma: *Akisema "mwanangu" anataka kugeuzwa. Akilitaja jina langu hataki kitu, anataka kuona kama upo.*

Oman si ugenini kabisa kwa mtu wa pwani yetu. Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyeleta makao yake Unguja katika karne ya 19, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 watu wengi wenye asili ya huko waliondoka Zanzibar. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, na waliotoka upande wetu walirudi na Kiswahili chao, mandazi yao na mabishano yao. Ukikaa ufukweni Mutrah jioni utasikia watu wakitaniana kwa lafudhi ya Mkunazini.

Mgane wetu ni mtoto wa waliorudi. Amezaliwa Muscat, mama yake ni mtu wa Pemba, na Kiswahili chake ni cha nyumbani, cha kusemea na wazee.

Wiki ya kwanza Dada hakuona kitu. Walimpeleka sokoni Mutrah, akasimama mbele ya maduka ya udi na ubani akitazama simu. Walimpeleka Qurum, akakaa ndani ya gari. Kila chakula kilichowekwa mbele yake kilimkumbusha kijiko cha uji. Dada mkubwa alimnyang'anya simu siku moja, akaona mikono ya mdogo wake inatetemeka, akairudisha.

Kisha ikaja safari ya Salalah.

Kilomita elfu moja

Salalah iko kusini kabisa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Muscat, na njia inapita Nizwa, Adam, Haima na Thumrait. Baada ya Adam ni jangwa, na jangwa lile halina hata kilima cha kulipumzisha jicho. Watu hulivuka kiangazi kwa ajili ya harifu, msimu wa kuanzia Juni hadi Septemba ambapo upepo wa baharini huleta ukungu na manyunyu kwenye milima ya Dhofar wakati sehemu nyingine za Ghuba zinaungua.

Mbele, karibu na dereva, alikaa shangazi yake. Dada alikuwa nyuma na wasichana wawili wa ukoo. Hakuna kilichosemwa ambacho shangazi hakukisikia, na ninaliandika hili kwa sababu mtaani Ngamiani hadithi imeshaota mbawa.

Alichogundua Dada ni kwamba gari lilikuwa linasimama mno. Kila kituo cha mafuta chenye mtandao, bwana yule alikata kona, akazima injini, akasema anataka chai. Shangazi alilalamika kwamba kwa chai hiyo watafika kesho. Pale Haima, akiwa ameshika gilasi ya chai ya karaki na simu sikioni akimuuliza binti wa Kaka kama bibi amegeuzwa, Dada alimtazama dereva na kuona kwamba chai yake hajaigusa.

"Hata mimi nilikuwa na saa zangu," alimwambia.

Mkewe alikufa kwa saratani. Alimuuguza nyumbani miaka miwili, na kwa maelezo yake bado huamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda bila kazi.

Ukishapita Thumrait barabara inapanda, kisha inaanza kushuka, na ghafla kioo cha gari kinaingia umande. Nje joto lililokuwa likikaribia nyuzi 45 linakuwa la kuvaa sweta. Milima ni ya kijani. Kando ya barabara, Salalah, kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai vilivyopangwa kama vya Muheza, na watu wa Ghuba wanashuka na watoto wao kusimama kwenye manyunyu wakipiga picha. Dada alicheka. Mtu wa Tanga kusafirishwa jangwa zima apelekwe kuona mvua na migomba! Walicheka wote, na bwana yule akamkatia dafu.

Halafu akaogopa. Alitazama simu, akaona saa tano zimepita hajapiga.

Usiku huo hakulala. Aliniambia kilichomsumbua si kule kusahau. Alikuwa amejisikia vizuri, na hakutaka kumwambia mtu.

> Alikuwa amejisikia vizuri, na hakutaka kumwambia mtu.

Kidonda

Walikuwa wamesharudi Muscat Kaka alipopiga simu. Msichana wa kazi alikuwa amemwona bibi na wekundu kwenye kisigino cha kulia, ngozi imeanza kuchubuka. Binti wa Kaka alikiri kwamba usiku mmoja alipitiwa na usingizi toka saa sita hadi alfajiri.

Maneno aliyoyasema Kaka katika simu ile Dada anayajua kwa moyo, na Kaka mwenyewe nilipomuuliza hakuyakana. Alisema: "Wewe unastarehe huko na wanaume, mama anaoza."

Alirudi Tanga kwa ndege ya kwanza iliyopatikana.

Nilizungumza na muuguzi aliyekuwa akija kumfunga mama kidonda. Ni mwanamke mkavu wa maneno, na alikuwa na haraka. Kidonda kile, alisema, kilikuwa cha hatua za mwanzo na kilipona. Kingeweza kutokea hata Dada akiwepo, na kimewahi kutokea akiwepo, mwaka wa pili wa ugonjwa, akiwa na malaria. Wakati ule hakuna aliyepiga simu. Kisha akaongeza kwamba binti wa miaka 22 asiye na mafunzo, peke yake, kuvumilia zamu za usiku nusu mwezi mzima kabla hajasinzia, ni hodari.

Lakini kidonda hicho kidogo kimekuwa hoja ya kila mtu. Kwa Kaka ni ushahidi. Kwa majirani ni adhabu. Kwa Dada ni bei aliyolipa kwa dafu moja, na hukitaja hivyo hivyo.

Barua ya posa

Bwana wa Muscat hakuishia kwenye simu. Baada ya miezi mitatu alituma washenga, binamu zake walioko Dar es Salaam, na barua ya posa katika bahasha kama inavyotakiwa. Ilipelekwa dukani Gerezani kwa kuwa baba alishafariki na Kaka ndiye walii. Kaka aliipokea kwa heshima, akawanywesha soda, akaiweka kwenye droo. Hajajibu.

Nilimkuta kati ya mabampa na taa za magari. Si mtu mbaya, na kumfanya mbaya kungerahisisha makala haya kupita kiasi. Kila mwezi hutuma fedha za dawa, za pampasi na za umeme, na hajawahi kukosa, hata mwaka ambao biashara ilikufa. Ana hoja mbili.

Ya kwanza ni radhi. Mama yuko hai na anamhitaji binti yake. Mume atakuwepo kesho, mama huenda asiwepo. Mwanamke aliyevumilia miaka sita anashindwaje kumalizia?

Ya pili ni ya hofu, na siipuuzi. Kaka amewaona wasichana wa Tanga waliokwenda Oman kufanya kazi za ndani wakarudi mikono mitupu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, yenye habari za pasipoti kushikiliwa, saa za kazi zisizo na mwisho na mishahara isiyolipwa. Bwana huyu, Kaka alinikumbusha, ana mama wa miaka themanini na kitu anayeishi naye. Je, anatafuta mke au muuguzi asiye na mshahara?

Swali hilo nililipeleka Muscat kwa simu. Bwana alinyamaza kidogo. Alisema mama yake anatembea, anapika, na ana mfanyakazi wa ndani. Alisema yeye amestaafu, na kwamba yuko tayari kukaa Tanga nusu ya mwaka, na hilo liandikwe kwenye ndoa. Nimeshaona ahadi nyingi za kabla ya nikahi kwa hiyo sikumpigia makofi. Ila nikiri kwamba kati ya watu wote niliowauliza nani atamwangalia mama, yeye pekee alinijibu kwa kutaja miezi.

Dada mkubwa hakuwa na subira na hoja ya radhi. "Kama ni maziwa," alisema, "tulinyonya wote watano."

Sheria hazimzuii Dada kwa kiwango anachodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimtaki mwanamke aliyetimiza miaka 18 awe na ridhaa ya kaka yake. Upande wa Oman, hadi miaka michache iliyopita raia aliyetaka kuoa mgeni alipaswa kupata kibali cha serikali kwanza. Amri ya Sultani namba 23 ya mwaka 2023 iliondoa kibali hicho.

Kinachobaki ni dini, na hapo nilimwendea imamu wa msikiti mmoja wa Ngamiani. Kwa madhehebu ya Shafi anayoyafuata, walii ni sharti. Lakini walii anayezuia ndoa bila sababu ya kisheria, mwanamke akiwa ameridhia na mwanamume ana hadhi inayolingana, uwalii wake huweza kuondoka na kwenda kwa kadhi. Nilimuuliza kama kuuguza mama ni sababu ya kisheria ya kuzuia. Alinijibu kwa swali: wajibu wa kumtunza mzazi ulimwangukia mtoto gani peke yake? Kisha akasema yuko tayari kumwambia Kaka maneno hayo hayo, ana kwa ana, akialikwa. Hajaalikwa.

Mtu anayeamua kama Dada aolewe ndiye yule yule atakayelazimika kutafuta mtu wa kukaa na mama akishaolewa. Sidhani Kaka analiona hilo. Nilimuuliza kuajiri watu wawili wa kupokezana usiku kungegharimu kiasi gani kwa mwezi. Anajua bei ya gia boksi ya kila gari linalotembea Dar es Salaam. Hiyo alisema hajawahi kuiuliza.

> Anayeamua kama Dada aolewe ndiye atakayelazimika kutafuta mtu wa kukaa na mama.

Wengine wamefanyaje

Ujerumani ilianzisha bima ya uuguzi mwaka 1995, na ndani yake mna fungu la kumlipa mtu wa kushika nafasi ya ndugu anayeuguza pale anapougua au anapokwenda likizo. Tangu Julai 2025 fungu hilo, pamoja na la kumweka mgonjwa kituoni kwa muda, linafika euro 3,539 kwa mwaka. Uingereza ni wagumu zaidi: tangu Aprili 2024 mwajiriwa anayeuguza ana haki ya wiki moja kwa mwaka, bila malipo.

Kenya imeandika katika kifungu cha 57 cha Katiba yake kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Kwetu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo. Ni kweli, na ni vizuri. Ila familia ukiigongea mlango saa nane usiku, anayefungua ni mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke asiye na mume, ambaye ndugu zake wanaamini hana pa kwenda.

Mtu huyo akifurahi siku moja, furaha yake huonekana wizi. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujishitaki. Dada aliniambia kwamba tangu arudi amekuwa akimgeuza mama kila baada ya saa moja na nusu, ingawa muuguzi alimwambia haihitajiki. Nadhani kila aliye karibu naye anaijua hatia hiyo, na wapo wanaoitumia.

Hakuna aliyemuuliza

Nilikuwa nimeshamaliza mahojiano nilipogundua kwamba katika watu wote waliosema kwa niaba ya mama, hakuna aliyemuuliza mama. Nilimwomba Dada ruhusa. Aliona haya, akasema mama hajui lolote, kisha akaenda jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitoa kwa shida, lakini nzima. Alinitazama kwa jicho moja lililo wazi zaidi ya jingine. Sikufika mbali. Nilipotaja Oman alinyanyua mkono wa kushoto kunikatiza.

Anajua kila kitu. Anajua tangu wiki ambayo Dada alirudi, kwa sababu kitanda chake na cha binti yake vimetenganishwa na pazia, na simu za usiku zina sauti. Amekuwa akisubiri aambiwe. Maneno yake yalikuja moja moja, na nimeyaunganisha bila kuyaongeza.

Alitaka kujua mtu huyo ni wa ukoo gani wa Pemba. Alitaka kujua watoto wake wangapi na wakubwa kiasi gani. Alitaka kujua kama anasali. Na alikuwa na lawama, ambayo kwa nguvu aliyoisema nayo Dada aliisikia toka jikoni na kuja mlangoni na mwiko mkononi.

"Mbona hajaja kuniamkia?"

Dada akaanza kueleza habari za barua iliyoko kwenye droo. Mama alimwambia anyamaze. Barua ni ya wanaume. Yeye anataka kumwona mtu, akae pale kwenye kiti, anywe kahawa, amtazame. Kuhusu nani atamgeuza alikuwa na la kusema pia: wa Moshi aje mwezi wa mfungo akae naye kwa kuwa hajakaa naye tangu aolewe, na wa Mwanza alipe mtu wa usiku kwa kuwa anazo. Kaka asiambiwe kitu kwa simu. Aje.

Kaka alikwenda Tanga Jumamosi iliyofuata. Kikao kilichukua mchana kutwa na mara mbili kilivunjika. Wa Mwanza, kwa simu, amekubali kulipa, ingawa kiasi bado wanabishania. Wa Moshi ameomba afikirie. Barua haijajibiwa rasmi, lakini washenga wamepigiwa, na bwana wa Muscat anatazamiwa Ngamiani baada ya mfungo, kwa kahawa tu, amesisitiza Kaka.

Binti wa Kaka amenitumia ujumbe. Amesikia kwamba wakati wa ugeni huo yeye ndiye atakayekaa chumbani na bibi, na kwamba mambo yakienda vizuri huenda akaombwa abaki. Anataka niandike kwamba ameomba kazi sehemu tatu, na kwamba katika kikao chote kile hakuna aliyemuuliza.